Mguu, spidi gavana au kruzi? Cha kutumia kwenye barabara za M ambazo kikomo hubadilika kila gantri

Gantri ya kwanza, yaani ile nguzo inayovuka juu ya barabara ikiwa na alama za mwendo, inasema maili 60 kwa saa. Ya pili 50. Ya tatu 40, na mbele yako hakuna ajali, hakuna mafundi, hakuna hata foleni. Nusu maili baadaye linatokea duara jeupe lenye mstari mweusi, kila mtu anakanyaga mafuta, halafu gantri inayofuata inarudi 50. Anayeendesha M25, M6 au M42, zile barabara kuu za mwendo kasi kule Uingereza, anaijua safari hii, na hasira yake anaijua vilevile.

Sehemu ya hasira hiyo ni ya haki. Lakini usumbufu mwingi, yaani breki za ghafla, lori linalokubana mgongoni na barua ya faini inayofika nyumbani wiki ya pili, unategemea sana umetumia nini kushikilia mwendo. Kruzi ya kawaida, yaani kifaa kinachoshikilia mwendo uliopanga bila wewe kukanyaga mafuta, ilitengenezwa kwa ajili ya barabara ambayo namba haibadiliki. Ukiipeleka mahali ambapo namba hubadilika mara sita ndani ya maili kumi, mtagombana njia nzima.

Magari mengi ya sasa yanakupa njia tano: mguu wako, spidi gavana unayoiweka mwenyewe ili gari lisipite namba fulani, kruzi ya kawaida, kruzi yenye rada inayoshika umbali na gari la mbele, na msaidizi wa spidi anayesoma alama za barabarani. Wengine huongeza simu yenye ramani. Kwa dereva wa kawaida wa gari dogo, kwenye barabara hizi jibu letu ni spidi gavana. Zipo hali mbili tatu ambapo jibu linabadilika, na ndizo zinazofanya ulinganisho huu uwe na maana.

Kwa nini 40 wakati barabara iko tupu

Mfumo huu ulianza M25, magharibi mwa London, mwaka 1995. Mwaka 2006 ukaja M42 karibu na Birmingham, safari hii pamoja na kuruhusu magari kupita kwenye bega la barabara saa za msongamano. Chini ya lami kumezikwa nyaya za kuhisi magari, takriban kila mita 500. Sehemu nyingine zina rada pembeni. Vifaa hivyo huhesabu magari na kupima mwendo wao. Magari yakianza kusongamana, kompyuta inashusha namba za nyuma hatua kwa hatua: 60, 50, 40.

Shida ni kwamba foleni haikai mahali pamoja. Mtu mmoja akikanyaga breki kwenye leni iliyojaa, wa nyuma yake anakanyaga zaidi, na wimbi la breki linarudi nyuma kwa takriban kilomita 15 hadi 20 kwa saa. Unapofika penye gantri ya 40, wimbi lililosababisha namba hiyo huenda limeshakufa, na huenda limekufa kwa sababu walio mbele yako walipunguza mwendo. Unachokiona ni barabara tupu na namba isiyo na maelezo. Kuna pia namba zinazowekwa kwa mkono na watu wa chumba cha udhibiti: tairi limeanguka barabarani, gari limekwama, mtu ameonekana akitembea pembeni. Hizo hazifutiki mpaka mtu athibitishe kwamba njia iko wazi, na hapo ndipo dakika nyingi hupotea. Malalamiko ya madereva juu ya namba zilizosahaulika yana msingi.

Ila pima hasara kwa saa, usipime kwa hasira. Maili 10 kwa 70 ni dakika 8 na nusu. Kwa 60 ni dakika 10. Kwa 50 ni 12. Kipande kizima cha 50 kimekuchukulia dakika 3 na nusu, na hakuna kifaa kitakachokurudishia bila kuweka leseni yako rehani.

Sheria inayoamua uchaguzi wako

Namba yenye duara jekundu ni amri. Namba isiyo na duara ni ushauri. Uliyopita chini yake mwisho ndiyo inayokuhusu mpaka alama nyingine ikuambie vingine, na duara jeupe lenye mstari mweusi linakurudisha kwenye 70 ya kitaifa. Gantri zikiwa zimezimwa tangu mwanzo, kikomo ni hiyo hiyo 70. Usidhani kamera zake zimelala, kwa sababu nyingi zinaweza kukamata hata hapo.

Adhabu ya kawaida ni pauni 100 na pointi 3 za adhabu kwenye leseni. Unaweza kupewa kozi ya madereva kuhusu mwendo badala yake kama hukuifanya ndani ya miaka 3 iliyopita na mwendo wako haukupita kiasi. Pointi 12 ndani ya miaka 3 zinakuweka kwenye hatari ya kufungiwa. Aliyepata leseni yake ya kwanza chini ya miaka 2 iliyopita anaipoteza kwa pointi 6 tu. Taarifa ya kusudio la kushtaki lazima imfikie mmiliki aliyesajiliwa ndani ya siku 14, naye ana siku 28 za kujibu nani alikuwa anaendesha. Asipojibu, hilo ni kosa jingine lenye pointi 6.

Hofu kubwa ya wengi ni hii: namba inabadilika kutoka 60 hadi 40 ukiwa karibu kabisa na gantri, unakanyaga breki kwa nguvu ukiogopa kamera, na aliye nyuma nusura akuingie. Kanuni za barabara hizi zililiwazia jambo hilo. Kama alama ilibadilika chini ya sekunde 10 kabla hujaipita, na ya awali ilikuwa juu zaidi, unahukumiwa kwa ile ya juu. Kwa mwendo wa 70, sekunde 10 ni zaidi ya mita 300. Kwa hiyo breki ya kufa na kupona haikuokoi na chochote. Inahatarisha tu walio nyuma. Breki nyepesi inatosha: kutoka 70 hadi 50, ikikanyagwa kwa upole ambao abiria hata hamwagi chai, inachukua sekunde 6 na takriban mita 160. Kuachia mafuta peke yake kwenye tambarare kunataka zaidi ya mara mbili ya umbali huo, na kwa kawaida namba haisomeki kutoka mbali kiasi hicho.

Vyote vitano kwa jicho moja

| Njia | Kubadili namba | Udhaifu mkubwa |
|---|---|---|
| Mguu na macho | Papo hapo | Mwendo unapanda bila wewe kujua |
| Spidi gavana | Vibonyezo 2 hadi 4 | Mteremkoni gari linaweza kuipita |
| Kruzi ya kawaida | Vibonyezo 2 hadi 4, mara nyingi na breki | Kitufe cha RES (cha kurejesha mwendo) kinarudi namba ya zamani |
| Kruzi yenye rada | Kama ya kawaida | Inaacha nafasi ambayo wengine huijaza |
| Msaidizi wa spidi | Yenyewe | Anasoma alama isiyo yako |

Mguu na macho

Faida yake ni moja na ni kubwa: hakuna kinachojibu haraka kuliko mguu. Kwenye msongamano wa kusimama na kuondoka, hauna mpinzani kama gari halina rada. Udhaifu unajitokeza leni zikifunguka kidogo. Mwili ukishazoea 70 kwa saa nzima, 50 unaonekana kama kutembea, na mguu unapandisha wenyewe hadi 56 au 58 bila wewe kuamua. Unaishia kuangalia dashibodi kila sekunde chache, na kila mtazamo wa sekunde moja kwa 50 ni mita 22 ulizopita bila kuangalia mbele. Hiyo ndiyo lawama ya kweli inayorudiwa na madereva: wanachunga namba badala ya kuchunga barabara.

Spidi gavana

Hii siyo ile ya mabasi iliyofungwa na fundi kwa lakiri. Hii unaiwasha kwenye usukani, mara nyingi kwa kitufe kilichoandikwa LIM, unapanga namba, kisha unaendelea kukanyaga mafuta kama kawaida. Gari halitapita hapo hata ukikanyaga. Ukitaka kupita kwa dharura, unakanyaga pedali mpaka chini kabisa, unasikia kama inabofya, na kikomo kinaachia.

Kwa nini inashinda hapa? Kwa sababu inazuia upande mmoja tu, wa juu. Ukiachia mafuta gari linapungua mara moja, tofauti na kruzi inayoendelea kusukuma mpaka uikatize. Foleni ikitokea mbele, mguu wako uko kwenye pedali tayari. Na macho yanarudi barabarani.

Inavyotumika: kabla ya kuingia kwenye kipande chenye gantri, weka 70. Ukiona 50, punguza kwanza kwa mguu au breki nyepesi, na mwendo ukikaribia 50 bonyeza SET kushika hapo. Wengi hufanya kinyume: wanashusha namba kwa kubonyeza mara nyingi wakiwa bado kwenye 70, gari linakata mafuta ghafla, linajivuta bila taa za breki kuwaka, na wa nyuma anashtuka. Kwenye magari mengi kubonyeza mara moja ni maili 1 na kushikilia ni 5 au 10. Lijue lako likiwa limesimama.

Mteremko ndio unaoiangusha. Spidi gavana nyingi hukata mafuta tu, hazikanyagi breki. Kwenye mteremko mrefu gari lililojaa abiria na mizigo litapita 50 hadi 54 huku namba ikimweka kwenye dashibodi. Shusha gia, au gusa breki. Magari ya umeme yanateleza kidogo tu kwa sababu mota hurudisha nguvu kwenye betri na kulishika gari.

Kruzi ya kawaida

Tungependa usiitumie kabisa namba zinapowaka. Ukiwa peke yako saa nane za usiku na gantri zimezimwa, ni nzuri. Namba zikiwaka inakuwa mtego, na mtego wenyewe ni kitufe cha RES. Uliweka 70. Ukakanyaga breki kwenye 40, kruzi ikakatika. Gantri inayofuata inasema 50, unabonyeza RES ukidhani inaendelea ulipoishia, na gari linavuta kuelekea 70 ile iliyokumbuka. Kamera ikiwa mita 300 mbele, umekwisha. Baada ya kila mabadiliko tumia SET, siyo RES.

Kruzi yenye rada

Hapa ndipo jibu letu linabadilika. Kama magari yamejaa leni zote na yanakwenda sawia kwa 50 au 40, kruzi yenye rada inapumzisha kuliko kitu kingine chochote, hasa inayoweza kusimama na kuondoka yenyewe. Inashika umbali, na kushika umbali ndilo jambo hasa ambalo mfumo wote huu unataka kutoka kwako. Panga umbali wa kati, sekunde 2 au zaidi. Ukiweka mfupi kabisa, gari litakuwa linagusa breki kila mara na utakuwa wewe mwenyewe unatengeneza wimbi kwa walio nyuma.

Watu watajipenyeza kwenye nafasi unayoacha. Inaudhi. Kila anayeingia anakurudisha nyuma sekunde 2 tu. Wakiingia kumi, umepoteza sekunde 20.

Jambo moja la kuzima kwenye menyu: uwezo wa kruzi kufuata alama yenyewe. Baadhi ya magari hushika breki pale pale kamera iliyo kwenye kioo cha mbele inaposoma namba mpya, na ikisoma vibaya utajikuta unashushwa hadi 40 katikati ya leni ya 70. Iache iombe ruhusa kwanza, yaani ioneshe namba na kusubiri ubonyeze.

Msaidizi wa spidi

Umoja wa Ulaya ulilazimisha kifaa hiki kwa aina mpya za magari tangu Julai 2022, na kwa magari yote mapya tangu Julai 2024. Magari mengi yanayouzwa Uingereza huja nacho kwa kuwa ni yale yale. Kinawaka upya kila unapowasha gari, kinalia ukipita namba, na unaweza kukizima kwa safari hiyo tu.

Kinafanya kazi kwa kamera ya kioo cha mbele pamoja na ramani. Kwenye vikomo visivyobadilika, ramani husahihisha kamera. Kwenye gantri, ramani haina msaada: yenyewe inajua 70 tu. Kila kitu kinabaki kwa kamera, na kamera ina adui wengi. Taa za LED huwakawaka kwa kasi ambayo jicho halioni lakini kamera inaweza kuinasa namba ikiwa nusu. Jua la jioni likipiga kioo, namba inafifia. Alama kubwa iliyo pembeni kushoto, badala ya juu ya leni, inafichwa na lori la leni ya kwanza ukiwa leni ya tatu. Hapo hata jicho lako linaikosa. Alama ya njia ya kutokea inasomwa kana kwamba ni yako. Na malori ya kutoka bara la Ulaya hubeba nyuma stika za duara zenye 80 au 90, ambazo ni kilomita. Ndiyo maana gari linaweza kulia bila sababu ukiwa nyuma ya lori.

Kichukue kama kengele, siyo kama shahidi. Barua ikija, kusema gari lilionesha 70 hakutakusaidia. Simu yenye ramani ni hivyo hivyo kwa upande wa namba: nyingi zinaonesha 70 chini ya gantri ya 50. Na ukiishika mkononi, hiyo ni pauni 200 na pointi 6.

Kosa la dashibodi, na lori lililo mgongoni

Hili linagusa vifaa vyote, na ndilo linaloeleza lalamiko ambalo wengi hawalielewi: "Niko kwenye kikomo, mbona lori linanibana?"

Kwa sheria, dashibodi hairuhusiwi kusoma chini ya mwendo halisi; inaruhusiwa kusoma juu. Kwa hiyo watengenezaji huweka akiba. Dashibodi ikisema 50, mara nyingi uko 47 au 48. Spidi gavana na kruzi nyingi hufuata namba hiyo hiyo ya dashibodi. Dereva wa lori ana takografu, kifaa kinachorekodi mwendo wa lori, inayopimwa upya kila baada ya miaka 2, na 50 yake ni 50 ya kweli. Anakukaribia taratibu, maili 2 au 3 kwa saa, hajavunja sheria yoyote kwa mwendo huo, na wewe unaona kioo cha nyuma kimejaa chuma. Kwenye 60 hali ni nyingine, kwa sababu malori yamefungwa yasipite 56. Hapo wewe ndiye unayeyaacha. Ndiyo maana 50 ina mbano kuliko 60.

Pima kosa la gari lako mara moja. Barabara tambarare, kruzi kwenye 60 ya dashibodi kwa dakika moja, abiria asome mwendo wa GPS kwenye simu. Tofauti ikiwa 2 au 3, unajua kwamba kuweka spidi gavana 52 kwenye kikomo cha 50 kunakuweka kwenye 50 ya kweli. Rudia kipimo ukibadilisha ukubwa wa tairi. Usijumlishe hapo ule uvumilivu wa polisi wa asilimia 10 na maili 2. Huo ni mwongozo wao wa ndani, siyo haki yako, na ukijumlisha makosa mawili utajikuta umepita kikomo ukiamini uko salama.

Nani achukue nini

Unayesafiri kila siku kwa gari dogo, foleni ikiwa ya wastani: spidi gavana. Mwenye kruzi ya rada na barabara imejaa: rada, alama zikisubiri kibali chako. Leseni mpya yenye chini ya miaka 2: spidi gavana tena, na kengele ya msaidizi uiache ikilia, kwa kuwa pointi 6 kwako ni leseni nzima. Unayevuta trela: kikomo chako kwenye barabara za M ni 60 hata gantri zikizimwa, basi iweke 60 mwanzo wa safari na ushughulike na 50 na 40 pekee. Gari la zamani lisilo na chochote: mguu, gia moja chini kuliko ulivyozoea kwenye 40 na 50 ili injini ilishike gari, na leni ya kwanza au ya pili ambako mwendo haukuvuti.

Kwa wote, alama ya X nyekundu juu ya leni usimwachie kifaa. Maana yake leni imefungwa, huenda kuna mtu amesimama kando ya gari lililokufa mita 400 mbele. Kamera zimeruhusiwa kuikamata tangu 2019, pauni 100 na pointi 3. Kruzi itaendelea kusukuma kwenye leni hiyo hiyo, spidi gavana itakaa kimya. Angalia kioo, washa indiketa, na utoke kwenye leni hiyo kabla ya kuifikia gantri.